Fedha ya Mwenye Bunduki

Kila asubuhi, kutoka Kigoma mpaka Tanga, mtu humwuliza mwenzake kama anayo hela. Ni neno dogo, nasi tumelizoea mno hata hatuulizi lilikotoka. Hela ni sarafu ya Wajerumani, iliyoanza kutumika katika nchi hii mwaka 1904, hela mia kwa rupia moja. Rupia na pesa zilitufikia kwa njia ya Bahari ya Hindi, pamoja na wafanyabiashara wa Bara Hindi. Shilingi ililetwa na Mwingereza baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mtawala aliyepita hapa ametuachia jina la fedha yake katika ulimi wetu. Thamani ya fedha hiyo, kwa sehemu kubwa, aliondoka nayo.

Twataka leo kusema na ndugu zetu wafanyakazi na wakulima juu ya jambo ambalo kwa kawaida huachiwa mabwana wa benki, nalo ni kiwango cha kubadilishia fedha katika nchi iliyokaliwa na majeshi ya vita. Hapana shaka wako watakaosema ya kuwa jambo hili ni gumu, na kwamba lawafaa wale waliosomea hesabu. Sisi hatukubali. Mtu awezaye kujua ya kuwa pishi imepunjwa aweza pia kujua ya kuwa noti imepunjwa. Tena twasema wazi tangu mwanzo yale tunayoyaamini: jeshi linapoteka nchi na kutangaza kwamba fedha yake itahesabiwa hivi na fedha ya wenyeji itahesabiwa vile, limetoza kodi. Kodi hiyo haina jina, haina stakabadhi, wala haina mwisho unaojulikana. Na mlipaji wake wa mwisho ni yule asiye na kitu kingine cha kuuza ila nguvu za mikono yake na chakula cha shamba lake.

Tuanze nyumbani. Vita ilipozuka mwaka 1914, manowari za Waingereza ziliziba bahari, na Wajerumani waliokuwa wakiitawala nchi hii hawakuweza tena kuletewa fedha kutoka kwao. Lakini askari walitaka mshahara, na wapagazi walitaka posho. Basi kuanzia mwaka 1915 walianza kupiga chapa noti zao hapa hapa, kwa karatasi yo yote iliyopatikana, nyingine nene na mbaya. Baadaye, huko Tabora, katika karakana ya reli, walifua sarafu za hela ishirini na za hela tano kwa shaba ya namna namna. Mwaka 1916 walifua hata dhahabu, rupia kumi na tano kwa kipande kimoja, chenye picha ya tembo. Mwaka 1917, walipokuwa wakirudi nyuma upande wa kusini, walitoa noti zilizopigwa kwa mihuri ya mpira, kama mtoto achezavyo na wino.

Msomaji na azitazame fedha hizo tatu zikiwa pamoja. Ya dhahabu ilikuwa na thamani yake ndani yake. Mwenye kuipata aliweza kuificha ardhini na kuichimbua chini ya bendera nyingine bila hasara. Ya fedha, yaani rupia ya zamani ya Kijerumani, ililingana kwa uzito na kwa usafi wa madini na rupia ya Kihindi, na kwa hiyo nayo ilikuwa na mahali pa kukimbilia. Lakini noti ya vita ilisimama juu ya neno moja tu, neno la serikali iliyokuwa ikikimbia. Sasa twauliza: dhahabu ilikwenda kwa nani, na karatasi ikaenda kwa nani? Mkulima aliyeuza mtama wake kwa jeshi hakuulizwa achague. Alipewa karatasi, akaambiwa ya kuwa ni sawa na rupia ya fedha. Watu wengi hawakuamini neno hilo, wakaificha rupia ya fedha na kuipitisha noti upesi kwa jirani. Lakini mwisho wa yote iko mikono iliyobaki imeshika.

Waingereza waliingia Dar es Salaam tarehe 4 Septemba 1916, na Wabelgiji wakaingia Tabora siku chache baadaye, mwezi ule ule. Fedha halali ikawa rupia ya Kihindi, rupia kumi na tano kwa pauni moja, yaani shilingi moja na peni nne za Kiingereza kwa kila rupia. Noti za vita za Wajerumani zikabaki karatasi. Hakuna aliyekwenda nyumba kwa nyumba kuuliza ni magunia mangapi ya nafaka, ni ng'ombe wangapi, ni siku ngapi za kubeba mizigo zilizokuwa zimefungwa ndani ya karatasi zile. Wahenga walisema wapiganapo tembo nyasi huumia. Safari hii tembo mmoja alikuwa amechorwa juu ya dhahabu, na nyasi zilikuwa zimeshika noti.

Wala tusidhani ya kuwa mshindi alikuwa mwema kuliko mshindwa. Mpagazi wa kawaida wa Kikosi cha Wachukuzi, kile ambacho jina lake la Kiingereza limetuachia mtaa wa Kariakoo, alilipwa rupia tano kwa mwezi hapo mwanzo, kisha sita. Kwa kiwango cha wakati ule rupia sita zilikuwa shilingi nane za Kiingereza. Mwaka 1920, baada ya bei ya madini ya fedha kupanda sana duniani, watawala waliamua ya kuwa rupia katika Afrika Mashariki itahesabiwa kuwa shilingi mbili. Rupia sita zile zile zikawa shilingi kumi na mbili. Je, tofauti ya shilingi nne ilikwenda kwa mpagazi? Haikwenda. Mpagazi alikuwa amekwisha kuzitumia rupia zake mwaka 1917 kununua unga na kulipa kodi ya kibanda, au alikuwa amekwisha kufa. Wanahistoria wengi hukadiria ya kuwa wapagazi karibu laki moja walikufa upande wa Waingereza katika vita ile, wengi wao kwa maradhi na njaa. Mishahara ya maelfu ya marehemu hao haikuwafikia warithi wao kamwe.

Lakini tazama walowezi wa Kenya. Hao walikuwa na madeni ya rupia, na kupanda kwa rupia kuliyaongeza madeni yao kwa nusu yakipimwa kwa pauni. Walipiga kelele hata London ikawasikia. Walipoona kelele hazitoshi, mwaka 1921 waajiri walikubaliana kuwapunguzia wafanyakazi Waafrika mshahara kwa theluthi moja, na hapo ndipo Harry Thuku alipoinuka na wenzake kupinga. Twaona basi ya kuwa kiwango cha fedha kikipanda, aliye na sauti hutafuta wa kumtupia mzigo. Kikishuka, hufanya vile vile. Mzigo huo hupita kutoka bega hata bega mpaka umfikie mtu ambaye nyuma yake hapana mwingine.

Yaliyotendeka hapa katika vita ya kwanza yalikuwa kazi ya haraka, ya watu waliobanwa. Katika vita ya pili jambo hili lilifanywa kwa utulivu na kwa hesabu. Mfano mkubwa ni Ufaransa. Wafaransa waliposhindwa, mkataba wa kusimamisha vita wa tarehe 22 Juni 1940 uliwataka walipe gharama za jeshi la Kijerumani lililokaa katika nchi yao. Wajerumani wakaweka gharama hiyo kuwa mark milioni 20 kwa kila siku moja. Kisha wakaweka jambo la pili, ambalo lilionekana dogo kuliko la kwanza lakini halikuwa dogo: mark moja itakuwa faranga 20. Wanahistoria wa uchumi wamekubaliana ya kuwa kiwango hicho kiliikuza mark mno kuliko nguvu yake ya kununua. Milioni 20 mara 20 ni milioni 400. Ufaransa ikalipa faranga milioni 400 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwamo. Mwaka 1941 zilipunguzwa mpaka milioni 300, na baada ya Wajerumani kuikalia nchi nzima mwezi wa Novemba 1942 zikapandishwa mpaka milioni 500.

Tutoe mfano ili jambo hili lieleweke kwa kila mtu. Tuseme ya kuwa kwa haki mark moja ilinunua vitu vya faranga 12 tu. Basi zile mark milioni 20 zingekuwa faranga milioni 240. Tofauti ni faranga milioni 160 kwa siku, nazo hazikutajwa katika mkataba wo wote. Hazikuhitaji askari wa kuzikusanya, wala hapakuwa na mlango uliovunjwa. Ilitosha tarakimu moja kuandikwa mahali pa nyingine. Na askari wa kawaida wa Kijerumani, aliyekuwa na mark kumi mfukoni, aliingia dukani na faranga 200 badala ya 120. Alinunua soksi, mvinyo, sabuni na manukato ya kumpelekea mkewe. Alilipa, akashukuru, akatoka. Mwenye duka hakuibiwa, kwa maana alipokea bei aliyoitaja. Lakini jioni, mfanyakazi wa kiwanda alipofika dukani na mshahara wake, alikuta rafu tupu, na kile kilichobaki kimepanda bei.

Palikuwa na njia nyingine tena iliyofichika zaidi. Ufaransa ilipouza bidhaa Ujerumani, Mjerumani hakutuma fedha. Deni liliandikwa katika daftari mjini Berlin, na kule Ufaransa mwuzaji alilipwa faranga na nchi yake mwenyewe. Kwa maneno mengine, Mfaransa alijinunulia bidhaa zake, kisha akampelekea Mjerumani bure. Benki ya Ufaransa ililazimika kupiga chapa noti mpya mwaka hata mwaka, na noti zilizokuwa mikononi mwa watu ziliongezeka zaidi ya mara tatu kabla nchi haijakombolewa. Ubelgiji na Uholanzi nazo zilipangiwa viwango vyao, kila nchi na tarakimu yake, zote zikielekea upande mmoja. Zaidi ya hayo, majeshi ya Kijerumani yalikuwa na noti maalumu za kutumiwa katika nchi zilizotekwa, noti ambazo hazikuwa fedha halali ndani ya Ujerumani yenyewe. Mtu akikupa fedha ambayo yeye mwenyewe haikubali nyumbani kwake, unahitaji elimu gani kumwelewa?

Huko Ugiriki mambo yalifika mwisho wake. Watu wa Athens walikufa kwa njaa katika majira ya baridi ya 1941 na 1942, nchi ikikamuliwa kulisha majeshi na kulipa gharama za ukaliaji. Noti ziliendelea kupigwa chapa mpaka hesabu ikapoteza maana. Mwezi wa Novemba 1944, serikali iliporudi, drakma mpya moja ilibadilishwa kwa drakma za zamani bilioni 50. Msomaji na aisome tena tarakimu hiyo polepole. Mzee aliyeweka akiba miaka thelathini kwa ajili ya mazishi yake hakuweza kununua kwa akiba hiyo hata mshumaa.

Upande wa mashariki ya dunia, Wajapani waliingia Malaya na Singapore wakiwa na dola zao za karatasi, wakaamuru ya kuwa dola yao ni sawa kabisa na dola ya zamani, moja kwa moja. Noti yao ya dola kumi ilikuwa na picha ya mgomba, na wenyeji wakaiita fedha ya ndizi. Huko Burma walileta rupia ya karatasi kwa namna ile ile. Vijana wa Afrika Mashariki walifika huko. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana katika Bonde la Kabaw, katika mvua na malaria, na kuipita nchi ambayo wanavijiji wake walikuwa wameuza mpunga kwa karatasi hizo. Mwaka 1945 Wajapani waliposhindwa, Waingereza waliorudi Malaya walitangaza ya kuwa fedha ya ndizi si halali. Kwa kalamu moja akiba ya miaka mitatu na nusu ya watu wadogo ikawa takataka. Yule aliyetunza dola za zamani chini ya godoro alitajirika. Na ni nani aliyeweza kutunza, ikiwa si yule aliyekuwa na cha kula bila kuzitumia?

Hapa yafaa tujitazame na sisi wenyewe, maana haki si haki ikiwa yatazama upande mmoja. Mwaka 1941 majeshi ya Uingereza, ambamo askari wa Kiafrika walikuwa wengi, wakiwamo ndugu zetu wa KAR, yaliwafukuza Waitalia kutoka Somalia na Ethiopia. Mogadishu ilitwaliwa mwezi wa Februari, Addis Ababa mwezi wa Aprili. Fedha iliyofuatana na majeshi hayo ilikuwa shilingi ya Afrika Mashariki, ile ile iliyotumika Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Wakubwa wa jeshi wakapanga ya kuwa pauni moja ni lira 480, yaani shilingi moja ni lira 24. Miaka michache kabla ya hapo, baada ya lira kushushwa thamani mwaka 1936, pauni ilikuwa yapata lira 90. Hivyo mtu wa Mogadishu aliyekuwa na lira 480, akidhani ana zaidi ya pauni tano, aliamka akiwa na pauni moja.

Wako watakaosema ya kuwa lira ilikuwa fedha ya Mussolini na ilistahili kuanguka. Sisi hatumlilii Mussolini. Lakini lira zile zilikuwa pia mshahara wa kuli wa bandarini na bei ya maziwa ya mama wa sokoni. Waethiopia walikuwa wamekwisha kujifunza somo hili chini ya Waitalia, ambao tangu 1936 waliipangia riale ya fedha thamani kwa lira na kuibadili walipopenda. Ndiyo maana mkulima wa huko aliendelea kuitaka riale yake nzito ya Maria Theresa, na Waingereza wenyewe wakalazimika kuzifua riale hizo Bombay ili wapate kununua chakula. Mkulima yule hakusoma kitabu cha uchumi, lakini alijua ya kuwa amri haina uzito mkononi.

Tena yafaa kukumbuka ya kuwa Ethiopia haikuridhika na uhuru wa bendera. Mfalme Haile Selassie alirudi katika mji wake tarehe 5 Mei 1941, lakini shilingi ya Afrika Mashariki, iliyotolewa na Bodi yenye makao yake London, ilizunguka katika nchi yake miaka minne zaidi. Mwezi wa Julai 1945 Ethiopia ilitoa dola yake yenyewe, ikiwa sawa na shilingi mbili, na shilingi ikaondolewa. Ufaransa ilifanya hivyo hivyo. Mwaka 1944 Waamerika na Waingereza walipotua Normandy walileta faranga walizozipiga chapa wao wenyewe, kwa kiwango cha faranga 200 kwa pauni. Jenerali de Gaulle alikasirika, akaziita fedha bandia, ingawa walioleta fedha hizo walikuwa wamekuja kumkomboa. Alijua ya kuwa rafiki akikupangia thamani ya fedha yako, bado hujawa mwenye nyumba. Nasi katika Tanzania tulilifahamu jambo hilo. Benki Kuu yetu ilifunguliwa mwezi wa Juni 1966, na shilingi yetu ikapata jina letu.

Sasa tuulize sheria yasemaje. Kanuni za Hague za mwaka 1907, zinazohusu vita vya nchi kavu, zinakataza uporaji. Zinaruhusu jeshi lililoikalia nchi kutoza michango ya fedha, lakini kwa mahitaji ya jeshi hilo na ya utawala wa nchi hiyo tu. Zinaamuru ya kuwa mchango utozwe kwa amri iliyoandikwa ya mkuu wa jeshi, na mlipaji apewe stakabadhi. Ni maneno mazuri. Lakini juu ya kiwango cha kubadilishia fedha, Kanuni hizo hazisemi neno. Waliokutana kule Hague walimfikiria askari avunjaye ghala kwa kitako cha bunduki. Hawakumfikiria karani aketiye mezani na kalamu. Mlango mkubwa ukafungwa kwa komeo, na dirisha likaachwa wazi. Wote waliokuja baadaye wamepita dirishani.

Tunajua ya kuwa tutajibiwa. Wako wataalamu watakaosema: jeshi lazima lile, na ni heri linunue kwa noti kuliko linyang'anye. Twakubali ya kuwa kununua ni heri kuliko kunyang'anya, ikiwa noti italipwa. Isipolipwa, hapana tofauti ila ya adabu. Watasema tena: pasipo kiwango kilichopangwa, wavunja fedha wa vichochoroni watawanyonya watu. Nayo ni kweli, na hatumtetei mlanguzi, ambaye vita kwake ni msimu wa mavuno. Lakini mlanguzi hunawiri pale ambapo kiwango cha amri kiko mbali na bei ya sokoni. Amri isiyo ya kweli ndiyo imzaayo, kama jaa lizaavyo nzi. Watasema mwisho ya kuwa hesabu za vita haziwezi kufanywa baadaye, kwa kuwa mambo yamechanganyika. Hilo hatulikubali hata kidogo.

Hatulikubali kwa sababu limekwisha kufanywa. Huko Malaya mwaka 1948 ilitungwa sheria juu ya madeni ya wakati wa Wajapani, nayo iliweka jedwali lililoonyesha jinsi fedha ya ndizi ilivyopoteza thamani kadiri miaka ya uvamizi ilivyopita, ili deni lipimwe kwa thamani ya wakati wake. Iraq nayo, baada ya kutekwa mwaka 2003, ilibadilishiwa noti zake zote katika miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Oktoba 2003 mpaka tarehe 15 Januari 2004. Dinari ya Saddam ilibadilishwa moja kwa moja, na dinari ya zamani iliyokuwa imehifadhiwa na watu wa kaskazini ikapata dinari mpya 150, kwa kuwa ilikuwa imetunza nguvu yake. Hatusifu vita ile, wala hatusemi ya kuwa kila mtu alitendewa haki. Twasema tu ya kuwa mwenye noti ya zamani hakuambiwa aitupe jaani. Kumbe yawezekana pakiwa na nia. Pale palipotajwa kuwa haiwezekani, kilichokosekana hakikuwa hesabu.

Jambo hili si la makumbusho. Mwezi wa Januari 2025 mji wa Goma ulipoangukia mikononi mwa M23, mabenki yalifunga milango yake, na watu wasemao lugha hii hii yetu, waalimu, wachuuzi, mama wa sokoni, walijikuta na akiba wasiyoweza kuigusa. Kila palipo na vita, siku ya pili baada ya mizinga kunyamaza, swali la kwanza la mwenye familia si nani ameshinda. Ni hili: je, noti hii iliyo mkononi mwangu bado yanunua unga?

Kwa hiyo twatoa rai yetu, nayo ni ya mambo matatu. Kwanza, katika kila mazungumzo ya kusimamisha vita, kiwango cha fedha na jumla ya noti zilizotolewa na jeshi lililoikalia nchi viandikwe waziwazi na kutangazwa, kama vile idadi ya mateka na ya bunduki inavyotangazwa. Fedha iliyotolewa na jeshi ni deni la jeshi hilo, na dawa ya deni kulipa. Pili, siku ya kubadilisha noti, mwenye kidogo atangulie. Akiba ya mfanyakazi na ya mkulima, mpaka kiasi kitakachowekwa, ibadilishwe yote kwa kiwango kamili, na muda utolewe wa kutosha kwa mtu wa kijijini aendaye kwa miguu. Aliyekusanya malaki kwa ulanguzi asubiri nyuma yake na aeleze alizipataje. Tatu, mshahara wa vita uhesabiwe kwa thamani yake ya siku ulipostahili, na ukikosa mwenyewe, warithi wake watafutwe. Ikiwa serikali yaweza kumfuata mtu msituni ili abebe mzigo, yaweza pia kuwafuata watoto wake ili iwape haki yao.

Kwenu, ndugu wafanyakazi na wanachama wa vyama vya ushirika, tuna neno moja zaidi. Msiwaachie wengine elimu ya fedha. Katika mikutano yenu mzoee kuuliza ni nani aliyepanga kiwango, lini, na kwa faida ya nani. Mtu anayeuliza hivyo wakati wa amani hatadanganywa kwa urahisi siku ya shida. Wekeni hesabu za vyama vyenu, andikeni mishahara na mazao, tunzeni stakabadhi. Babu zetu waliobeba mizigo ya vita ile ya kwanza hawakupewa karatasi yenye kusema wanadai nini, na ndiyo sababu mpaka leo hatuwezi kutaja jumla ya walichonyang'anywa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Ya kwao ilipotea hivyo. Ya watoto wetu isipotee.